Insha ni ya Nani?

Mtoto wa Kirando apewa kuandika insha ya mashindano juu ya Kusadikika, kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951. Baba, kwa kutamani tuzo, amwomba mwalimu aiandike. Siku hizi hata mashine huweza. Mtoto anakili, kisha atia jina lake. Wengine husema, "Ni msaada tu."

Sivyo, ndugu wazazi. Msaada ni kumwuliza mtoto, "Wewe waonaje?" na kumngoja ajibu. Kutia jina katika kazi ya mwingine ni kuvunja amri ya nane. Na tuzo ipatikanayo hivyo ameibiwa mtoto aliyekesha na kitabu chake. Hiyo ni amri ya saba.

Tena kitabu chenyewe chatuhukumu. Karama, aliposhtakiwa mbele ya mfalme, alijitetea kwa kinywa chake mwenyewe. Mtoto aliyezoea kusemewa atajiteteaje?

Mvuvi wa Kirando humwachia mwanawe kasia, hata mtumbwi ukienda upogo, maana ajua kwamba siku moja atakuwa peke yake ziwani. Nasi tuwaachie watoto kalamu. Insha yenye makosa, iliyo yake mtoto, yampendeza Mungu kuliko tuzo ya uongo.