Je, Tununue Projekta au Televisheni?



Hivi karibuni, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa parokia yetu alinivuta kando akaniuliza swali. Yeye ni mwalimu mstaafu. Mimi ndimi ninayetunza vipaza sauti vya kanisa, na kwa sababu hiyo watu hudhani najua habari za kila kitu chenye waya. Alisema ameuza machungwa yake, amebakiwa na fedha kidogo, na angependa kununua chombo cha kutazamia nyumbani. Je, anunue projekta, yaani ile mashine ndogo inayorusha picha ukutani, au televisheni bapa, ile ambayo wengi wetu huiita flati? "Nieleze ya ufundi tu," alisema, "kuamua nitaamua mwenyewe."

Nikamweleza ya ufundi. Baadaye niligundua kwamba swali lake lilikuwa la dhamiri kuliko la ufundi. Kwa ruhusa yake, na kwa ruhusa ya mkewe, naliandika hapa, maana naamini si nyumba yao peke yake inayoulizwa.

Nianze na yale niliyomwambia. Televisheni bapa ina mwanga wake yenyewe. Waweza kuitazama mchana, madirisha yakiwa wazi, na picha ikaonekana. Ile ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Projekta nayo mwanga wake wote huutupa ukutani, kwa hiyo yataka chumba chenye giza. Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikirii: projekta haiwezi kupaka rangi nyeusi. Weusi unaouona katika picha yake ni ukuta tu, mahali ambapo haukumulikwa. Mwanga wa dirisha ukiingia, weusi huo huwa kijivu na picha yote hufifia. Lakini ukipata giza, na ukiiweka mita tatu na kitu kutoka ukutani, projekta ya kawaida yaweza kukupa picha ya inchi 100, yenye upana wa mita mbili na zaidi. Eneo lake ni zaidi ya mara tano ya ile televisheni. Watu thelathini waweza kukaa uani wakaitazama bila kusukumana.

Nikamwonya pia juu ya projekta za bei nafuu, ambazo masanduku yake huandikwa nguvu ya mwanga isiyopimwa kwa kipimo kinachokubalika. Hiyo ni mizani ya hila, sawa na ile ya sokoni.

Tukaja kwenye umeme. Projekta ya taa yaweza kula wati 250 hivi. Televisheni ya kiasi nilichotaja hula wati 80 hivi. "Basi projekta ni mlafi," akasema mzee. Nikamwambia asiharakishe. Projekta ikiwashwa kwa muda wa saa mbili itakuwa imekula nusu uniti ya Luku. Televisheni ikiachwa inawaka kutwa, tuseme saa kumi, itakuwa imekula uniti 0.8. Mlaji mkubwa anayekula mara moja hushindwa na mlaji mdogo asiyeondoka mezani.

Aliposikia hayo uso wake ulichangamka. "Basi ni projekta," alisema. "Vijana wetu kila jioni wako kibanda umiza, wanalipa kutazama mpira, na baada ya mpira picha ambazo sizitaji hapa. Nitaupaka chokaa ukuta wa uani. Kila Ijumaa waje kwangu. Tutatazama mpira, siku nyingine picha ya maisha ya Yesu, ile ya mwaka 1979 iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Kisha tutasali, waende kulala."

Nilimsifu, na sifa hiyo siiondoi. Wazo lake lina ukoo mrefu katika Kanisa. Mwaka 1854 David Livingstone, akiwa safarini katika nchi ya Walunda, alimwonyesha mtawala Shinte picha za Biblia kwa taa ya kurushia picha. Ya kwanza ilikuwa Ibrahimu akiinua kisu juu ya Isaka. Livingstone alipoivuta ile picha kuibadilisha, wanawake waliona kisu kinawajia wao, wakakimbia. Shinte mwenyewe alikaa hadi mwisho, kisha akaichungua mashine. Huyo ndiye Livingstone ambaye hotuba yake ya Cambridge ya mwaka 1857 ilisababisha kuundwa kwa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyowaletea Injili babu zetu.

Tena huku kwetu Usambara, pale Vugiri, kati ya mwaka 1935 na 1937, ilikuwako kazi ya kutengeneza sinema za mafunzo kwa watu wa vijijini. Ilianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, ikaendeshwa na Meja Notcutt. Lori lao lilizunguka Tanganyika, likafika na nchi za jirani. Usiku kitambaa kilitundikwa, na watu wakakusanyika kuona habari za safura na za kuweka akiba posta. Basi mzee wetu hakuwa anazua jambo geni. Mwanga unaorushwa mbele ya watu wengi umewakusanya watu tangu zamani.

Siku chache baadaye tulikwenda wazee watatu wa kanisa kumwona mama mkwe wake, anayekaa nyumbani kwake. Bibi huyu alipatwa na kiharusi, na upande wake mmoja haufanyi kazi. Kutwa hukaa katika chumba cha mbele, kitanda chake kikiwa karibu na dirisha. Tulipokwisha kusali, mke wa mzee alinisindikiza mpaka mlangoni. Akaniambia maneno haya:

"Shemeji, mume wangu amekwisha kuwaalika watu thelathini. Viti vitatoka wapi? Chai atapika nani? Na Jumamosi asubuhi uani pakifagiwa, ufagio utakuwa mkononi mwa nani? Siwakatai vijana, ni watoto wangu pia. Lakini sikuulizwa. Na Mama yupo chumbani humu kutwa nzima, dirisha hili ndiyo furaha yake. Mnataka nimfungie pazia ndipo aone habari?"

Ndugu msomaji, niliona haya. Nilipokuwa namweleza mumewe nilisema, "Yataka chumba chenye giza," nikapita, kana kwamba giza hilo halitakuwa na mtu ndani yake. Sisi wawili tulikuwa watu wa kutoka asubuhi na kurudi jioni. Tulikuwa tunachagua chombo cha jioni. Wale wanaokaa nyumbani mchana, yaani mgonjwa, na yule anayemwuguza, hatukuwahesabu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ukarimu ni jambo jema, na Maandiko yanatuagiza kuupenda. Lakini kila ukarimu una mtu anayeulipia. Mfalme Daudi alipopewa uwanja wa Arauna bure, alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Basi, kama alikataa sadaka isiyomgharimu mtoaji, sisi tuseme nini juu ya sadaka inayomgharimu mwingine, wala huyo mwingine hakuulizwa? Mara ngapi tumesifiwa kanisani kwa ukarimu uliopikwa, ukaoshwa na kufagiwa na mtu ambaye jina lake halikutajwa? Ile sinema ya Vugiri ilikuja na lori lake na watu wake wa kazi. Mzee wetu alitaka kukusanya watu kama wao, lakini lori lake lilikuwa mgongo wa mkewe.

Hata hivyo, sitaki mtu aseme kwamba nimeitetea televisheni. Ina hatari zake. Projekta yakutaka matayarisho: ungoje giza, upange viti, uunganishe nyaya. Matayarisho hayo ni kama swali, "Je, kweli mnataka kutazama?" Televisheni haiulizi. Unabonyeza, inasema, husemi nayo neno, nayo haichoki. Ziko nyumba ambamo Sala za Jioni zimekufa bila mtu kuziua. Zilisubiri kipindi kiishe, kikaja kingine.

Tena tusidhani chombo peke yake ndicho kinachokusanya au kutawanya watu. Wengi wetu twakumbuka televisheni ilipoingia huku Bara mwaka 1994 na miaka iliyofuata. Nyumba moja ikiwa nayo, majirani walijaa sebuleni, watoto wakasimama madirishani. Tukasema televisheni inaleta watu pamoja. Kumbe kilichotukusanya kilikuwa uchache wake. Kila nyumba ilipopata yake, kila mlango ulifungwa. Na leo kila mtu ana simu yake, hata walio nyumba moja kila mmoja amejifungia katika kioo chake. Kwa hiyo anayenunua projekta asifikiri amenunua ujirani, wala anayenunua televisheni asifikiri amemwuguza mgonjwa.

Mama zetu walikuwa na desturi moja niipendayo. Walifuma vitambaa vya kufunikia redio na televisheni. Twasema vilikuwa vya pambo na vya kuzuia vumbi, na ni kweli. Lakini vilikuwa na kazi ya tatu: kabla ya kutazama, ilibidi mkono uondoe kitambaa, na baada ya kutazama, mkono ukirudishe. Huo ulikuwa mwanzo, na huo ulikuwa mwisho. Yafaa desturi hiyo irudi, hata kwa hizi bapa zilizotundikwa ukutani.

Mzee wetu hakufurahi nilipomrudia na mawazo haya. Alinyamaza karibu wiki mbili, na kanisani alinisalimu kwa mbali. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikumshauri. Aliketi kitandani kwa mama mkwe wake akamwuliza, "Mama, wewe wapenda tununue kipi?" Yule bibi, ambaye sasa husema kwa shida, akamjibu: "Chochote mtakachonunua, mkae nami mkitazama."

Walinunua televisheni. Hawakuiweka sebuleni, waliiweka katika chumba cha Mama, mbele ya kitanda chake. Anayetaka kutazama taarifa ya habari au mpira sharti aingie, amwamkie bibi, aketi mkekani. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Akiinua mkono wake ule mzima, televisheni huzimwa na kufunikwa. Nimeambiwa wajukuu walinung'unika mwanzoni. Bado wananung'unika, hasa mpira ukienda mpaka usiku.

Na vijana wa kibanda umiza? Hilo mzee hakuliacha, wala mimi singependa aliache. Amelileta mbele ya Halmashauri ya Kanisa: parokia inunue projekta moja, ukuta wa ukumbi upakwe chokaa, na vijana wenyewe wabebe viti na kufagia. Halmashauri imejibu kwamba paa la kanisa linavuja, na paa litangulia. Jibu hilo ni la haki, ila kila Ijumaa inayopita vijana wale wako palepale. Kwa hiyo naliweka jambo hili mikononi mwenu, ninyi msomao. Chombo ambacho kazi yake ni kukusanya wengi, yafaa kinunuliwe na wengi, na uchovu wake ugawanywe kati ya wengi.

Wakati tukingoja, kila mmoja wetu akifika dukani na fedha zake, asimwulize muuzaji kwanza juu ya inchi na bei. Arudi nyumbani akamwulize yule anayekaa humo mchana.

Bwana atufundishe kuwaona walio karibu nasi kabla ya kuwaalika walio mbali, na kuwapenda wote wawili. Amina.