Kesha hata asubuhi


Motokari ya esanse hujazwa kwa dakika chache, ikaondoka. Ile ya umeme, ikiunganishwa nyumbani, hulala hapo mara nyingi usiku mzima. Betri nyingi za namna hiyo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo yetu, kama kule Kolwezi. Lakini kobalti haina nguvu yenyewe. Pasipo umeme, betri ni mzigo tu.

Vivyo hivyo kanzu nyeupe. Twakimbilia kuwekewa mikono dakika tano, na jaribu la Jumatatu latukuta watupu. Ndugu, dumu magotini. Wanawali watano walikuwa na taa; mafuta wakayatafuta wakati mlango unafungwa.

Amina.