Elimu ya Kuona

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Neno hili ni kweli kwa mtu aliyekua na macho yake. Kwa mtu aliyepotewa na nuru utotoni, kisha akarudishiwa ukubwani, neno hugeuka: macho anayo, na bado hana budi kufundishwa kutazama.

Mwaka 1957, huko Marekani, mtoto wa miaka mitatu aitwaye Michael May alilipukiwa na kemikali. Jicho moja lilipotea kabisa. La pili lilibaki, lakini utando wake wa mbele, ambao kwa watu wazima wa macho ni angavu mithili ya kioo, uliungua ukawa ukungu. May alikua gizani, wala hakukua katika unyonge. Alisoma, akaoa, akapata watoto. Aliteleza juu ya theluji milimani kwa kufuata sauti ya kiongozi wake, na mwaka 1984 alipata medali za shaba katika Olimpiki ya Walemavu mjini Innsbruck.

Tabibu wa San Francisco alimpandikizia chembe hai za kuulea utando mpya, kisha, mwaka 2000, utando wenyewe. May alikuwa ameonywa kwamba dawa za kukilinda kipandikizi zilikuwa na hatari, na kwamba nuru yaweza kutoweka tena. Alikubali, si kwa kuwa maisha yake yalipungukiwa, bali kwa hamu ya kujua.

Bendeji ilipofunguliwa, nuru iliingia. Rangi alizitambua, na vitu vilivyokwenda alivifuata. Lakini nyuso za watu zilimshinda, hata za jamaa zake. Mchoro wa sanduku uliotulia aliuona kuwa mraba wenye mistari. Ulipozungushwa ndipo sanduku lilipojitokeza. Wataalamu waliompima walieleza mwaka 2003 kwamba mlango wa jicho ulikuwa umefunguka, ila ubongo ulikosa mazoezi ya utotoni ya kuzisoma habari zake. Milimani, vivuli na miti vilimtia hofu ya kugongana navyo, hata mara nyingi akafumba macho ili ateleze kwa amani.

Je, mtu huyu alikosa shukrani? Aghalabu watu husimulia habari za kipofu aliyefumbuliwa kama hadithi inayokwisha siku ya bendeji: machozi ya furaha hudondoka, na mambo yote huwa mema. Anayetatizika baada ya siku hiyo hulaumiwa moyoni. Lawama hiyo ni dhuluma. Humnyima mtu haki ya kuchoka katika kazi nzito, na tena huidharau elimu ya masikio na vidole iliyomlea miaka zaidi ya arobaini, kana kwamba maisha yake yalianza alipoona.

Tabibu huweza kurudisha nuru. Maana ya vitu vinavyoangazwa na nuru hairudishwi kwa kisu. Hiyo hutafutwa polepole na mwenyewe, akisaidiwa na subira ya wale wanaompenda. Basi anayemfurahia mtu aliyepata kuona, na amtazame kama mwanafunzi, wala asimtake awe hodari siku ya kwanza. May hakuacha kutembea na mbwa wake wa kumwongoza. Hakuwa ameshindwa kuona. Alikuwa hakusahau alivyojua.