NAFUU SI KUPONA



Ndugu zetu wa pwani, maneno haya twawaandikia kutoka Butali, katika kaunti ya Kakamega, kando ya njia kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye. Ni nchi ya miwa, mvua na mbu. Huenda msomaji wa Mombasa au wa Lamu akauliza: Butali yatuhusu nini sisi? Yawahusu sana. Tangu misafara ya wazee wenu ilipofika Mumias katika karne ya 19, njia baina ya pwani na nchi hii haikupata kufungwa, na Uislamu wa huku ulipita njia hiyo hiyo. Leo badala ya misafara yapita mabasi, yakichukua walimu, wafanya biashara, wanafunzi na maharusi. Nayo malaria hupanda basi hilo bila ya kukata tikiti. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2020, kwa kila watoto 100 wa umri wa miezi 6 hata miaka 14 waliopimwa katika kanda hii ya ziwa, 19 walikutwa na vimelea vya malaria katika damu. Na katika kanda ya pwani, 5.

Lakini hatukukusudia leo kusema juu ya mbu. Twataka kusema juu ya kidonge, na juu ya mtu anayekikata katikati.

Tazameni yanayotendeka. Mtu ashikwa na homa. Apimwa damu, yaonekana ni malaria, apewa dawa iitwayo AL, ambayo wengi waijua kwa jina la Coartem. Mtu mzima hupewa vidonge 24 vya siku 3: vinne pale pale apewapo, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni katika siku mbili zifuatazo. Siku ya kwanza yu taabani. Siku ya pili jasho limemtoka, kichwa kimepoa, aomba uji. Siku ya tatu yuko barazani azungumza na wenziwe. Hapo ndipo penye balaa. Avitazama vile vidonge vinane vilivyobaki, asema: "Alhamdulillahi, nimepona. Hivi naviweka, kesho akiumwa mtoto nitampa." Avitia kabatini, na watu wa nyumbani wamsifu kwa kuwa si mbadhirifu.

Ndugu yangu, hukupona. Umepata nafuu, na nafuu si kupona. Kidonge hicho kimoja kina dawa mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya mbio: huingia katika damu, huua vimelea kwa wingi, homa hushuka, kisha baada ya saa chache dawa hiyo yenyewe hutoka mwilini. Ya pili ni ya taratibu, nayo hukaa siku kadhaa ikiwatafuta waliosalia. Ile nafuu uliyoiona ni kazi ya kwanza. Kupona ni kazi ya pili, na hiyo hujaiacha ikamilike. Waliosalia huzaana kimya kimya, na baada ya wiki mbili tatu homa hurejea. Hapo mtu hasemi, "Niliacha vidonge vinane." Husema dawa ilikuwa bandia, au amerogwa na jirani, na nyumba ngapi zimegombana kwa ajili ya vidonge vilivyolala kabatini!

Na wako wengine wanaozimeza zote, lakini kwa chai ya mkandaa na tumbo tupu, kwa kuwa walisikia ya kwamba dawa hufanya kazi zaidi tumbo likiwa halina kitu. Ziko dawa za namna hiyo, lakini hii si miongoni mwake. Ile dawa ya pili katika AL yataka mafuta ili mwili uichukue. Mgonjwa na anywe maziwa, au ale chochote chenye mafuta kidogo, hata wali wa nazi akiweza, kisha ameze.

Kama mtu aona haya ni maneno ya madaktari tu, na aikumbuke hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Said Al-Khudri. Mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akimshitakia tumbo la nduguye. Akaamrishwa amnyweshe asali. Akenda, akamnywesha, akarudi na kusema kuwa halikuzidi ila kuendesha. Akaamrishwa tena asali. Akarudi tena, na jawabu ilikuwa ile ile, hata mwisho yule mgonjwa akapona. Ibnul-Qayyim, aliyekufa mwaka 1350, alipoieleza hadithi hii alisema ya kuwa katika kukariri huko mna siri ya utabibu: dawa lazima iwe na kadiri inayolingana na maradhi, ikipungua haiyaondoi, na ikizidi hudhuru nguvu za mwili. Haya yaliandikwa Damasko zaidi ya miaka 600 iliyopita, na sisi twayasoma darasani kwa sauti nzuri, kisha twakwenda nyumbani na kukata karatasi ya vidonge kwa mkasi.

Na tusidhani ya kuwa madhara humfika yeye peke yake aliyeacha dawa. Wazee wataikumbuka klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyowawasha watu mwili mzima. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa rahisi na ya kutegemewa. Mwaka 1978 zilianza kusikika Afrika Mashariki habari za malaria isiyoisikia klorokwini. Wataalamu wasema asili ya vimelea hivyo ni Asia. Lakini vilipofika kwetu vilikuta dawa inauzwa kila kibanda, na watu wanakula viwili leo na kimoja kesho. Dawa ikiingia katika damu kwa kadiri pungufu huua vimelea vilivyo dhaifu na kuviacha vyenye nguvu vizae. Kenya iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na Tanzania Bara mwaka 2001. Ikashika mahali pake Fansidar, nayo haikudumu. (Fansidar ingali yatolewa kliniki kwa wajawazito, ili kuwakinga, na hilo ni jambo jingine, mama aliyepewa asiikatae kwa maneno ya mtani.) Zanzibar ilianza kutumia dawa hizi za mchanganyiko mwaka 2003, Kenya ilikata shauri juu ya AL mwaka 2004 na ikaanza kuitoa mwaka 2006. Sasa mwaka 2020 habari zilitoka Rwanda, na mwaka 2021 Uganda, ya kwamba wamepatikana vimelea vinavyochelewa kuondoka kwa dawa hii pia. Kutoka Butali mpaka wa Uganda hauko mbali. Dawa ya kuishika mahali AL kesho haiko dukani ikingoja. Basi yule aliyeweka vidonge vinane kabatini ameigusa haki ya mtoto wa mtu mwingine asiyemjua.

Atasema msemaji: Mimi namtegemea Mwenyezi Mungu, kidonge ni nini? Twamjibu ya kuwa mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) swali hili hili, kama watumie dawa, naye akawaamrisha watumie, na akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila kauwekea dawa, isipokuwa uzee. Tawakkul ni ya moyo, na mkono una kazi yake. Mkulima wa huku hupanda miwa, hupalilia, kisha huomba mvua. Hatujaona anayeomba mvua na mbegu ingali ghalani.

Na wengine wasema haifai kuchanganya kombe na dawa ya Kizungu, kwani moja huibatilisha nyingine. Basi mtoto akishaandikiwa sahani kwa zafarani, vidonge husimamishwa siku tatu. Hatutaki hapa kufungua mlango wa mjadala wa kombe, ambao maulamaa wamekwisha kuusema sana. Kumsomea mgonjwa Qurani ni jambo lililothibiti. Lakini ni nani aliyesema ya kuwa Fatiha huchukia kidonge? Mtoto wa miaka miwili aliyenyimwa dawa siku tatu aweza kutiwa kaburini siku ya nne. Na hiyo iitwayo dawa ya Kizungu, asili yake ni majani ya Uchina. Bibi Tu Youyou, Mchina, aliitoa dawa hii katika mmea baada ya kufuata dokezo katika kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ibn Sina naye hakuiandika Qanuni yake ili sisi tujisifu kwayo jukwaani.

Vile vidonge vilivyowekwa, huenda wapi? Huenda kwa jirani. "Mwanao ana homa? Ninazo hapa, zilinifaa mimi." Mtoto hupewa dawa ya mtu mzima kwa kukisia, bila kupimwa damu, na homa yake huenda ni ya mapafu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Ulimwenguni limeagiza kwamba mtu apimwe kwanza, ndipo apewe dawa ya malaria. Na kipimo cha tone la damu ya kidole huchukua muda mfupi kuliko kupika chai. Amepokea Abu Daud ya kuwa anayejitia utabibu hali hakujulikana kwa utabibu, basi yeye ni dhamini wa atakachoharibu. Wema wa jirani haumwondolei dhamana hiyo. Na mwenye duka akatayo karatasi ya vidonge na kuuza nusu, hali ajua ya kuwa nusu haiponyi, auza nini? Najua jawabu yake: mnunuzi hana fedha. Ni kweli, wengi hawana. Dawa ya malaria imewekwa itolewe bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Na pale isipopatikana, tajiri atafutaye mahali pa kutoa sadaka asiende mbali. Amtimizie maskini vidonge vyake 24.

Mengine tutayapita upesi. Mafua hayaponywi na vidonge vya rangi mbili. Antibiotiki haina kazi kwa virusi, na kuila bure ni kuwafundisha maadui zetu vita. Panadol si peremende: mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa usiku na mchana, na aangalie kuwa dawa nyingi za mafua zina kitu kile kile ndani yake, kwani ikizidi huharibu ini. Sindano haina baraka kuliko kidonge. Mapenzi haya ya sindano tuliyarithi tangu miaka ya 1920, sindano za buba zilipowafuta watu vidonda wakaona kama muujiza; lakini malaria isiyo kali yataka vidonge. Na mwenye presha asiache dawa kwa kuwa leo kipimo kimekuwa kizuri. Ni kizuri kwa ajili ya dawa.

Lakini Ramadhani haitaki upesi, kwani hapo makosa huvaa kanzu ya ibada. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa kutwa mara 3 huzimeza zote tatu pamoja kwa tende ya kufuturia. Kutwa mara 3 maana yake ni kila baada ya saa 8, ili dawa isipungue katika damu wala isizidi; tatu kwa mpigo si sawa na tatu kwa zamu. Na amwendee daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani mara nyingi iko dawa ya mara moja au mbili kwa siku iwezayo kushika mahali pake. Mwenye kisukari atumiaye insulini asijipimie kwa akili yake. Akifunga na kipimo cha siku za kula, sukari yaweza kushuka akazimia.

Wengine huacha hata kile ambacho hakifunguzi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1997 ya kuwa tone la jicho na la sikio, na sindano isiyo ya kulisha, na kidonge kiwekwacho chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, maadamu hakikumezwa, havifunguzi. Pampu ya pumu baraza hilo liliiahirisha, na maulamaa wamekhitalifiana. Basi aliyebanwa na pumzi aitumie pale pale, na akifuata kauli ya wasemao kuwa yafunguza, atalipa siku yake.

Na yule mwenye malaria, ambaye aambiwa na mashemegi zake barazani kuwa mwanamume hali mchana kwa homa, na asikilize habari aliyoipokea Abu Daud kwa Jabir. Mtu mmoja safarini alipasuka kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipoletewa khabari aliwakasirikia sana, akasema wao ndio waliomuua, na kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Sura ya Al-Baqara imekwisha kumpa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwenye malaria atalipa baada ya Idi, siku kwa siku, na katika siku zile tatu atakula maziwa yake na vidonge vyake mchana. Ama mwenye maradhi yasiyotarajiwa kwisha, ambaye hawezi kufunga kabisa, huyo halipi siku: atatoa kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula kitumiwacho sana na watu wa mji wake, mchele kwenu pwani, na mahindi huku kwetu Butali, ampe maskini.