Baba na Masomo ya Mwanawe

Huulizwa suala hili: Mtu amemtia mwanawe chuoni na skuli, amemnunulia vitabu na nguo za kuvaa, ada hulipa kwa wakati wake, na kila mwisho wa muhula huletewa waraka wa maendeleo akautia sahihi. Je, amekwisha kutimiza haki ya mwana katika ilimu, au limembakia jambo juu yake?

Jawabu ni kwamba limembakia jambo, tena ndilo kubwa. Mtoto ni amana mikononi mwa wazee wake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amelieleza hilo katika Ihyaa. Na amana si kuwekwa tu. Imamu Nawawi, katika mlango wa wadia wa kitabu chake Minhaji, amehukumu ya kuwa aliyewekewa nguo za sufi ni wajibu wake kuzitoa upepo ili nondo wasiziharibu. Basi ikiwa nguo haifai kufungiwa sandukuni miezi isiangaliwe, itakuwaje akili ya mtoto?

Lakini wengi katika wanaoangalia, huangalia pasipo. Baba hamuulizi mwanawe amejua nini. Humuuliza yu wa ngapi. Na hiyo namba ni habari ya watoto wa wenziwe. Mtoto aweza kuwa wa kwanza katika darasa ambalo hapana ajuaye kusoma vyema, na mwingine akawa wa thelathini katika darasa ambalo wote wasoma. Kisha huyu wa thelathini hupigwa, na yule wa kwanza hununuliwa baiskeli! Huyu aliyepigwa hatoki na somo ila moja, nalo ni kuuficha waraka muhula ujao. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 (1406), alikwisha kuonya ya kuwa ukali juu ya wanafunzi huwafunza uwongo na hila, kwa kuiogopa mikono ya wanaowatia adabu.

Huko Kenya mtihani wa darasa la nane, uliohesabiwa kwa alama 500, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala ulioanza kuenezwa mwaka 2019 humpima mtoto kwa daraja nne: amezidi matarajio, ameyafikia, ameyakaribia, au yu chini yake. Wako wazee wa Mombasa na Lamu walioudhika, wakaona wamenyang'anywa mizani. Walakini waraka huu, kwa mwenye kuuliza, una faida kuliko ule wa zamani. Mtoto akiandikiwa kwamba ameyakaribia matarajio katika hesabu, na amwendee mwalimu amuulize: matarajio yepi? Ni kugawanya, au ni kutoa kwa kukopa? Mwalimu akijibu, baba amepata kazi ya kufanya nyumbani. Asipoweza kujibu, nayo ni habari.

Chuoni hapakuwa na wa ngapi. Kila mtoto alikuwa na pahali pake: huyu yumo katika alifu, huyu katika irabu, huyu amekwisha juzuu ya Amma. Baba akikutana na maalim njiani huuliza, "Mwana amefika wapi?" akatajiwa sura. Kipimo hiki ni bora, kwani chamtazama mtoto mwenyewe, jana yake na leo yake. Ila nacho kina udanganyifu wake, na kila maalim aujua. Mtoto husoma kwa sikio, akatiririka kutoka mwanzo wa sura mpaka mwisho. Maalim akiweka kijiti juu ya neno la katikati, hulitazama kama asiyepata kuliona.

Na ya skuli ni hayo hayo. Tangu mwaka 2009 watu wa Uwezo walizunguka nyumba kwa nyumba Kenya, Tanganyika na Uganda, wakiwapa watoto herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha kisa kifupi cha kiasi cha darasa la pili. Wakakuta wengi wa madarasa ya juu hawakiwezi kisa kile, na hali wamepandishwa mwaka baada ya mwaka mpaka wakafika huko.

Kipimo hicho hakihitaji mtu wa serikali. Baada ya sala ya Ishaa baba na aketi na mwanawe, afungue ukurasa asioufunzwa, amsikilize. Akikwama asimkemee, na aweke moyoni alipokwama, ili mwezi ujao ajue kama amepavuka. Akimaliza, amwambie asimulie kwa maneno yake alichosoma.

Mwenye kusema kwamba yeye hakijui Kiingereza hana udhuru. Mtoto na asome kwa Kiingereza, kisha aeleze kwa Kiswahili. Aliyefahamu ataeleza, na asiyefahamu atatafuta maji ya kunywa.

Na aliye safarini je, yule aliyeko Maskati au Dubai, apelekaye pesa kila mwezi? Huyo hupiga simu kuuliza kama pesa zimefika. Mama akisha kujibu, na apewe mtoto simu, na kitabu mkononi.