Bima ya Rubani na Amana ya Abiria

Rubani wa ndege ya abiria haruki bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, na cheti hicho kwa kawaida hudumu miezi 12. Akishavuka umri wa miaka 60 muda huo hupunguzwa hadi miezi sita. Kila muda ukiisha hupimwa macho, masikio, mkojo, moyo na shinikizo la damu. Kabla ya vipimo kuna fomu ya kujaza. Umewahi kuzimia? Umewahi kupata degedege? Umewahi kutibiwa maradhi ya akili? Kila swali lina visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mashine ya moyo si rahisi kuidanganya, lakini visanduku vile havina mlinzi ila dhamiri ya mwenye kalamu. Zaidi ya hapo, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinamkataza rubani kuruka pale anapojua afya yake imepungua, hata kama cheti chake bado hakijaisha muda. Maana yake ni kwamba sheria imemkabidhi mgonjwa kazi ya kujishtaki mwenyewe.

Ndiyo maana naona swali tunalozoea kuuliza juu ya bima, kama ni halali au ni upungufu wa kumtegemea Mungu, kwa rubani linapaswa kuwa la pili. La kwanza ni hili: je, mkataba wa bima utamrahisishia kusema kweli mbele ya daktari? Roho za abiria ni amana mikononi mwake, na amana hailindwi kwa ustadi wa kutua peke yake.

Tuangalie kwanza ukweli unamgharimu nini. Bima ya matibabu hulipa hospitali. Haimlipi mtu mshahara. Bima ya kawaida ya ulemavu nayo humtazama rubani aliyewahi kupata degedege moja, ikamwona anatembea, anasoma, anaweza kufanya kazi dukani, ikasema huyu si mlemavu. Kweli si mlemavu, ila kazi aliyoisomea kwa fedha nyingi, mara nyingi za mkopo, imekwisha. Pengo hilo ndilo linalozibwa na bima ya kupoteza leseni: humlipa mtu ambaye pengine ni mzima kwa kila kazi isipokuwa moja. Asiye nayo, kila anapoweka alama kwenye "ndiyo" anaweza kuwa anafuta ada za shule za watoto na kodi ya nyumba.

Hofu hiyo si ya kubuni. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliowahoji maelfu ya marubani, zaidi ya nusu walikiri kuwa wamewahi kukwepa huduma za afya kwa kuogopa kupoteza cheti. Miaka saba kabla yake, tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf alijifungia peke yake kwenye chumba cha marubani akaiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps ya Ufaransa. Walikufa watu wote 150. Wachunguzi wa Ufaransa walieleza kuwa aliuficha ugonjwa wake wa akili kwa mwajiri. Miongoni mwa mambo waliyoyataja ni hofu ya kupoteza kazi na kipato, na kwamba bima aliyokuwa nayo isingemkimu iwapo angezuiwa kuruka. Sisemi kwamba mkataba mnono ungewaokoa abiria wale. Akili iliyofika huko haipigi hesabu za fidia. Lakini wachunguzi wenyewe walipendekeza mashirika ya ndege yatafute njia za kupunguza hasara ya kimaisha inayompata rubani aliyekosa afya, na pendekezo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila walimkusudia mtu anayekufa peke yake.

Muumini atasema: bima ya biashara ina mashaka ndani yake, inafanana na kamari, na fedha zake huzungushwa kwa riba. Hoja hii ina uzito. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililokutana Jeddah Desemba 1985, liliikataa bima ya kibiashara yenye malipo maalumu, likaikubali ile ya ushirikiano, ambapo wachangiaji hutoa kwa nia ya kusaidiana. Wapo wanazuoni waliotofautiana nalo, Mustafa al-Zarqa akiwa mashuhuri zaidi. Lakini uamuzi wa baraza haukufunga mlango. Ulionyesha mlango wa kupitia. Mfuko wa marubani wanaochangiana ili atakayeshindwa vipimo asianguke na familia yake unakaribia sana kile kilichoruhusiwa. Na anayesema atamtegemea Mungu bila mfuko wowote, huku akiweka alama kwenye "hapana" ya uongo, amemtegemea daktari asigundue.

Pingamizi gumu zaidi ni la kimaadili: ukweli ni wajibu, na wajibu haununuliwi. Nakubali kwamba mwongo hasameheki kwa kukosa bima. Hata hivyo kumlaumu ni jambo moja, na kumjengea mazingira ambamo uadilifu unahitaji ushujaa ni jambo jingine. Hakimu hulipwa vizuri ili rushwa isimtamanishe, wala hakuna anayesema uadilifu wake umenunuliwa. Abiria wa kiti cha nyuma hana haja na rubani shujaa. Anamtaka asiye na sababu ya kuficha. Kuhusu wanaohofia kwamba wengine watajisingizia ugonjwa ili walipwe, anayeamua ni daktari na mamlaka ya anga, na mikataba huweka kipindi cha kusubiri na kikomo cha malipo.

Tatizo la kweli liko kwenye mikataba yenyewe. Mingi haigusi ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga, na mingine hulipa kidogo, au hailipi kabisa, kwa sonona na maradhi mengine ya akili, yale yale ambayo mtu ana uwezo mkubwa zaidi wa kuyaficha. Bima ya namna hiyo humlipa rubani kwa moyo ambao mashine ingeufichua tu, na kumwacha peke yake mbele ya kisanduku. Kwa hiyo rubani anayechagua asianze na kiasi cha fidia. Aanze na ukurasa wa magonjwa yasiyolipiwa, aulize kama kusimamishwa kwa muda kunalipiwa au ni hadi leseni ipotee moja kwa moja, kisha amsukume mwajiri akate bima ya kundi inayompokea kila rubani bila kumchuja kwa historia yake. Mkataba usiolipa chochote kwa ugonjwa wa akili haumfai rubani, hata ukiwa nafuu na una muhuri wa uhalali.