Asili na Zao: Katika Neema Zirejeazo na Zisizorejea

Mwenyezi Mungu Mtukufu amewaneemesha waja wake kwa neema za ardhi, na wataalamu huzigawa mafungu mawili: zinazorejea baada ya kutumiwa, na zisizorejea. Watu wengi hudhani kuwa tofauti hii imo katika dhati ya kitu: maji hurejea, mafuta hayarejei. Lakini mwenye kuzingatia huona kwamba jambo hili lina masharti mawili.

Sharti la kwanza ni kitu kurudi katika muda wa umri wa wanaadamu. Petroli, ambayo Oman ilianza kuisafirisha mwaka 1967, hulikosa sharti hili, kwani huchukua mamilioni ya miaka kufanyika. Sharti la pili ni kwamba kinachochukuliwa kisizidi kinachorejea, na hili liko mikononi mwa watu. Falaji, kama Falaj Daris ya Nizwa, hutiririka kwa mteremko wa ardhi tu. Mvua ikiadimika maji hupungua, na watu hugawana yaliyopo kwa zamu, kipimo chake kikiwa athar, yaani kiasi cha nusu saa. Ama katika pwani ya Batinah, pampu zilivuta maji ya visima kwa haraka kuliko mvua inavyoyarejesha. Maji ya bahari yakapenya chini ya ardhi, na mashamba yakaharibika kwa chumvi. Neema irejeayo ikageuzwa kuwa isiyorejea.

Mafakihi wamelijua jambo hili katika mlango wa wakfu: asili huzuiwa, na zao hutolewa. Mwenye kula tende hakumdhulumu mtu. Mwenye kuukata mtende amekula haki ya watakaokuja.

Huenda akasema msemaji: Je, petroli iachwe chini ya ardhi milele? Jawabu ni kwamba walio hai nao wana haja. Lakini hali yao ni kama ya msimamizi wa mali ya yatima: akiuza shamba kwa dharura, thamani yake si yake kuila, bali huiweka katika kitu kitakachomfaa yatima. Kwa maana hii Oman ilianzisha mfuko wa akiba mwaka 1980. Na familia ambayo riziki yake hutokana na mafuta ya Ghuba, ikiyageuza mapato hayo kuwa elimu ya watoto, imehifadhi amana. Ikiyamaliza katika anasa, imekula asili.

Wasiozaliwa hawana ulimi wa kudai mbele ya kadhi. Mdai wao ni Mola wao, na hakimu ni Yeye. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.